Hedifoni za kuzuia kelele zinanibana masikio, na watoto bado nawasikia: je, ni feki?

“Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani. Jirani ana gereji, jenereta lake linanguruma mchana kutwa, na genge la mbele lina spika. Mume wangu ameniletea hedifoni kubwa za kuzuia kelele. Jenereta kweli linapotea, lakini watoto na mwimbaji wa kwenye spika nawasikia kama kawaida, tena naona kama wamezidi. Je, tumeuziwa feki? Pia nikiziwasha bila kucheza chochote nahisi masikio yameziba kama niko kwenye ndege. Mama anasema zina miale inayoingia kwenye ubongo. Desemba tunakwenda Mwanza kwa basi na kurudi kwa ndege, mimi na mwanangu wa miaka 6. Naweza kuzivaa safari nzima, na yeye nimnunulie? Halafu, sijui kama inahusiana, wiki kama tatu sasa jioni nikizivua nasikia mlio mwembamba kwenye sikio la kushoto.”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi, na lile lililo zito kuliko yote umelitupa mwishoni kwa maneno “sijui kama inahusiana”. Nitaanza nalo, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hilo halifai kusubiri.

Masikio kulia baada ya siku ya kelele si jambo geni. Mtu akikaa karibu na spika harusini, usiku masikio humlia, na kesho yake yanakuwa yametulia. Lakini hapo kwa kawaida hulia yote mawili, na hutulia. Mlio unaokaa upande mmoja na kurudi kwa wiki tatu unataka sikio hilo litazamwe na mtu mwenye kifaa cha kuangalia ndani. Mara nyingi kinachokutwa ni kidogo, kwa mfano nta iliyoganda na kugusa ngoma ya sikio. Mara chache huwa ni kitu kinachohitaji vipimo zaidi, na hakuna awezaye kuvitofautisha kwa kusoma barua. Kwa hiyo nenda kliniki ya masikio, pua na koo. Muhimbili wanayo, na ukianzia kituo cha afya cha karibu watakuandikia rufaa. Omba upimwe usikivu, kila sikio peke yake. Utakaa mahali tulivu, utavalishwa hedifoni, na utabonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata ule ulio hafifu kabisa. Kipimo hakiumi, na majibu huyapata papo hapo.

Hadi siku hiyo usiingize kitu sikioni: si kijiti cha pamba, si njiti ya kiberiti, si kibanio cha nywele. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani kuliko vinavyoitoa. Usidondoshe mafuta wala dawa ya mtu mwingine, maana hatujui kama ngoma ya sikio iko salama. Na ikitokea sikio likapungua kusikia ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, usingoje tarehe uliyopangiwa. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema. Nenda mapema pia ukipata kizunguzungu cha kuona nyumba inazunguka, usaha, au mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo.

Sasa turudi kwenye hedifoni. Si feki. Ingekuwa feki isingelifuta jenereta, kwa kuwa kulifuta jenereta ndiyo kazi hasa iliyoundwa kuifanya. Tatizo ni kwamba dukani huwa wanasema “inazuia kelele”, mnunuzi anaelewa kelele zote, wakati kifaa chenyewe kinakabiliana na aina moja tu ya kelele.

Tazama upande wa nje wa hedifoni zako, utaona vitundu vidogo. Nyuma ya vitundu hivyo kuna maikrofoni. Maikrofoni inaudaka mngurumo wa jenereta kabla haujafika sikioni, inaupeleka kwenye chipu, na chipu inatengeneza wimbi la kinyume. Pale ambapo sauti ya jenereta inaibana hewa, wimbi hilo linailegeza, na pale inapoilegeza, lenyewe linaibana. Spika iliyo karibu na sikio inalitoa kwa wakati uleule. Chukua watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko nje na yule yuko ndani, kwa nguvu sawasawa. Mlango hauendi kokote. Mlango huo ni ngoma ya sikio lako. Hedifoni nyingi nzuri zina maikrofoni nyingine upande wa ndani pia, ya kukagua kilichobaki na kusahihisha.

Ili hesabu hiyo itimie, wimbi la kinyume lazima lifike kwa wakati, na hapo ndipo sauti nzito na sauti nyembamba zinapoachana. Jenereta dogo la petroli huzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika, na injini yake ya silinda moja huwasha mafuta mara 25 kwa sekunde. Ni mngurumo mzito, na unajirudia uleule dakika kwa dakika. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, lina urefu wa kama mita 3.4, na huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde kukamilika. Chipu ina nafasi ya kutosha. Lakini sauti nyembamba ya hezi 4,000 ina wimbi lisilofika sentimita 9, linalokamilika kwa sehemu moja ya elfu nne ya sekunde. Hapo kuchelewa kidogo tu kunaharibu kila kitu: wimbi la kinyume haliifuti sauti, linaiongezea. Ndiyo maana watengenezaji huiachia chipu sauti za chini, hadi kama hezi 1,000 hivi, na zilizo juu ya hapo wanaziachia sponji zizizuie kwa unene wake.

Kilio cha mtoto, sahani zinapogongana, herufi kama s na t ndani ya maneno, yote hayo yako huko juu. Zaidi ya hapo yanakuja na kukatika bila mpangilio, si kama injini. Besi ya spika ya genge itapungua, mwimbaji atabaki. Na ulivyoona kwamba watoto “wamezidi” ni kweli kabisa kwa namna unavyosikia. Jenereta lilikuwa linawafunika. Umeliondoa, na sasa kila neno lao linafika wazi. Hawajapandisha sauti, wamebaki peke yao.

Kabla hujaridhika, jaribu kitu kimoja. Ziwashe bila muziki, jenereta likiwa linanguruma, kisha gandamiza kila upande taratibu kwa kiganja. Mngurumo ukipungua tena kwa wazi, basi kuna upenyo. Kwa akina mama hapa kwetu upenyo huo hutokana na rasta nene zinazopita chini ya sponji, ushungi, au mikono ya miwani. Sauti nzito huingia kwa urahisi mno penye uwazi hata ule mdogo. Peleka nywele nyuma ya sikio, vaa hedifoni ndani ya ushungi badala ya juu yake, na utaona tofauti bila kutumia shilingi. Sponji zikishapasuka au kukakamaa, zibadilishe. Huuzwa peke yake.

Na kwa wasomaji wengine wanaopita Kariakoo kutafuta za bei nafuu: someni herufi kwenye boksi. ANC ndiyo teknolojia niliyoieleza, inayokupunguzia wewe kelele. ENC ni kitu kingine, inasafisha sauti yako ili unayeongea naye akusikie vizuri. Ni nzuri kwa simu, lakini masikioni mwako jenereta litaendelea kunguruma. Wapo wanaoandika ENC kwa herufi kubwa na kumwacha mnunuzi adhani ni ile nyingine. Muombe muuzaji uijaribu karibu na feni au friji, uiwashe na kuizima. Kama hakuna kinachobadilika, mrudishie.

Masikio kuziba. Watu wengi hulihisi hili, na huogopa kwamba kuna hewa inayosukuma ngoma ya sikio. Hakuna. Wimbi la kinyume ni sauti ndogo kama zile zinazolizunguka sikio siku zote, halibadilishi shinikizo la hewa kama linavyobadilika ndegeni. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo umezoea kuwa sauti nzito zikififia ghafla na nyembamba zikabaki, basi sikio limeziba, na hivyo unakupa hisia ile ile. Jipime: meza mate. Kwenye ndege kumeza mate huzibua, hapa hakubadilishi kitu. Kama hedifoni zako zina viwango vya uzuiaji, anza na cha chini, vaa kwa robo saa, pumzika, ongeza siku hadi siku. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Wachache hawazoei, wanapata kichefuchefu au kichwa kuuma kila wakizivaa, na kwa hao ushauri wangu ni kuacha. Hakuna tuzo ya kuvumilia, na vizibo vya masikio vya sponji vya dukani vitawafanyia kazi bila chipu yoyote.

Kuhusu mama, msalimie sana, na mwambie hivi. Uzuiaji wa kelele wenyewe ni sauti tu, hauna miale. Kilicho na mawimbi ya redio ni Bluetooth, na nguvu yake ni ndogo mno. Simu inayotafuta mnara ikiwa imegandamizwa sikioni hutoa nguvu kubwa kuliko hiyo. Mawimbi ya aina hii hayana uwezo wa kuvunja chembechembe za mwili kama miale ya eksirei. Akibaki na wasiwasi, chomeka waya. Hedifoni nyingi kubwa huendelea kuzuia kelele zikiwa na waya, na mzee atalala kwa amani.

Hofu ya mama iko mahali pasipo hatari, na mahali penye hatari hamjapataja. Hukuniambia sauti ya wateja unaiweka kiwango gani. Ungekuwa umekaa mbele yangu, hilo ndilo ningekuuliza kwanza.

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila zikiongezeka desibeli 3, nishati ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hiyo muda ulio salama unakatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Wewe kazi yako ni hiyo siku nzima, siku tano au sita. Desibeli chache ambazo hata huzitambui zinaweza kukutoa upande wa salama. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti, tumezaliwa nazo kama 15,000 kila sikio, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kuumia kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba, ndiyo maana mtu aliyeharibiwa na kelele huanza kwa kusema “nakusikia ila sikuelewi”.

Hapa hedifoni zako zina faida kubwa kuliko wanavyozitangaza. Mtu mwenye eafoni za kawaida karibu na jenereta hana njia ila kupandisha sauti hadi ilizidi jenereta. Wewe huna haja hiyo, lakini kwa mazoea ya zamani huenda bado unapandisha. Fanya hivi: asubuhi kabla gereji haijafungua, piga simu moja ya kazi na uweke sauti pale unapoelewa bila kujikaza. Angalia ni alama ya ngapi. Hiyo ndiyo alama yako ya siku nzima, na jenereta likiwashwa usiivuke. Washa uzuiaji badala yake. Kwa vifaa vingi isizidi asilimia 60 ya sauti yote. Simu nyingi za sasa hupima zenyewe kiwango unachosikiliza; tafuta kwenye mipangilio ya sauti au ya afya.

Kwa kazi yako nina machache zaidi. Masikio yakiwa yamefunikwa, sauti yako mwenyewe huvuma kichwani, na watu hujikuta wanapaza sauti bila kujua, jioni koo limekauka. Kama kifaa kina hali ya kupitisha sauti za nje, itumie unapoongea. Pangaboi lisipulize moja kwa moja kwenye vile vitundu, utasikia mvumo usiokuwepo. Kila baada ya saa moja zivue dakika kama 10, masikio yapate hewa. Joto la Dar na jasho chini ya sponji hualika kuvu, na sikio likianza kuwasha usilikune, lipeleke likaonwe. Na ukiwa peke yako na watoto, acha sikio moja wazi. Hedifoni hazijui sauti ipi unaihitaji: unaweza kukosa hodi, unaweza kukosa kishindo cha kitu kilichoanguka jikoni.

Jambo moja la jirani: hizi si kinga ya gereji. Grinda inayokata bati ina sauti nyembamba na kali, nyundo inapiga ghafla, na chipu haiwezi kuziwahi. Vijana wanaofanya kazi pale wanahitaji vifunika masikio vya kazi, vile vizito visivyo na muziki. Ukipata nafasi ya kumwambia mwenye gereji, mwambie.

Safari. Teknolojia hii inaendana na ndege kwa sababu huko ndiko ilikokulia. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani ya wazo la kufuta sauti kwa sauti mwaka 1936, lakini vifaa vya elektroniki vya wakati wake havikutosha. Mwaka 1978 Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston, alivaa hedifoni za ndegeni akashindwa kufurahia muziki kwa mvumo wa injini, akaanza kupiga hesabu zake humohumo angani. Kampuni yake ilitoa za marubani mwaka 1989, na za abiria mwaka 2000. Ndani ya ndege kubwa ikiwa angani kelele huwa kama desibeli 80 hadi 85, na nyingi ni mvumo mzito usiokatika. Kama ndege yenu ya kurudi Dar ni ya mapangaboi, mvumo ni mzito zaidi, na hapo utaelewa pesa ya mumeo ilikwenda wapi.

Vua wakati wa maelekezo ya usalama. Vua tena ndege ikianza kushuka, si kwa sababu zina madhara, ila ili mshughulike na masikio, wewe na mtoto. Shinikizo la wakati huo ni la kweli, na hedifoni haziwezi kulizuia hata kidogo. Mtoto ameze maji kidogo kidogo au atafune kitu, na asiwe amelala wakati wa kushuka. Mkiwa na mafua makali, muulizeni daktari kabla ya kupanda. Hedifoni na pawabenki ziwe kwenye begi la mkononi, maana betri za lithiamu zikishika moto ndani ya kabini zinaonekana na kuzimwa, kwenye mizigo haziwezi kufikiwa. Beba na waya wake, kama ndege ina skrini.

Basi la Mwanza ni habari tofauti. Ngurumo ya injini na ya matairi itapungua sana, na ukiwa umelala kidogo utafika na kichwa chepesi. Lakini muziki na filamu za basi zitakufikia, na hapo ndipo watu wengi huharibu: wanapandisha yao ili kushinda ya dereva. Usifanye hivyo. Weka vizibo vya sponji ndani ya masikio, juu yake vaa hedifoni bila kucheza chochote. Vizibo vitakata sauti nyembamba, chipu itakata nzito, na vikiwa pamoja utapata utulivu ambao hakuna kimoja kinachoutoa peke yake. Mwambie wa kiti cha jirani akuguse kondakta akitangaza kuchimba dawa, maana kuna watu wameachwa njiani. Na pale stendi ya Magufuli Mbezi, unapotafuta basi kati ya pikipiki na magari yanayorudi nyuma, ziwe shingoni au ndani ya begi. Hata ukivuka barabara ya Tabata, ziwe hivyohivyo. Ukiwa kwenye bodaboda kadhalika.

Mtoto wa miaka 6 sitamnunulia hizi. Mpaka wa mtoto ni mdogo kuliko wako, desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni nyingi za watoto zinazojitangaza kuwa na kikomo huishia 85, ambacho kwa mtoto ni kingi kwa safari ya kutwa. Akitaka katuni ndegeni, saa moja kwa sauti ya chini inatosha. Kama kelele humsumbua kweli, kuna vifunika masikio vya watoto visivyo na umeme wala muziki, vinavyopunguza sauti zote kwa sponji tu, na hivyo anaweza kuvaa hata akilala. Ila unapokata tiketi za basi, uliza kwanza spika zimefungwa wapi na umchukulie kiti kilicho mbali nazo. Hilo litamfaa kuliko kifaa chochote utakachomnunulia, na ukiwahi kukata tiketi viti vya namna hiyo hupatikana.